Aliyemuua Kanzu

Mtendeni, Tabora
9 Septemba 1975

Mdogo wangu Yahaya,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo. Funga tunaikokota hivyo hivyo na huu unga wa njano, ukiusonga unakataa kuwa ugali, ukiukoroga unakataa kuwa uji. Sukari ya futari tumeipangia foleni tangu asubuhi, tumerudi mikono mitupu. Baba anakusalimu, miguu yake bado inavimba. Mwanao Tatu amekuwa wa nne kati ya wanafunzi arobaini na wawili, na gauni la Idd ya mwaka jana limeshampanda juu ya magoti. Mimi nami nimefaulu mtihani wa kisomo cha watu wazima, kwa hiyo hii naandika mwenyewe, sijamwomba Tatu aniandikie. Ukiona mistari inapanda na kushuka, cheka huko huko peke yako.

Salamu zimeisha. Sasa nisikilize.

Ulipokuja likizo mwezi wa saba ulipaka rangi mlango wa uani, ukajisifu weee, ukaondoka. Kopo la rangi uliliacha wapi? Chini ya banda la sungura! Umelifunika na kipande cha gunia, basi ukaona umemaliza. Juzi namkuta Kanzu ametoa kichwa nje ya wavu analamba mfuniko. Yahaya, wewe una akili timamu kweli? Nimemsafisha mdomo kwa maji na kitambaa huku mwanao amesimama analia hana sauti.

Naona umesahau, ngoja nikukumbushe. Sungura wale wawili, Kanzu yule jike mweupe na Kahawa dume lake, marehemu mkeo Mwanne aliwatoa Puge kwa rafiki yake Josepha. Akamwekea mwanawe mapajani wiki mbili tu kabla hajalazwa. Mtoto yule hana kitu kingine cha mama yake kinachopumua. Wewe unawawekea rangi ya mafuta mlangoni!

Basi nimepita nyumba nzima kama askari wa afya. Mafuta ya taa nimeyapandisha juu ya kabati. Sumu ya panya nimeitupa chooni, panya na watule wakitaka. DDT ya kunguni nimemrudishia jirani yetu Imakulata, nimemwambia sitaki kuiona hata harufu yake. Chokaa ya Idd nimekataza isipakwe uani, maana sungura analamba kuta. Jikoni nimebakisha chumvi, magadi ya maharage na kile kidebe cha tumbaku ya viota vya kuku. Hakuna sumu tena ndani ya nyumba hii isipokuwa ulimi wangu.

Kanzu ana mimba, na utitiri wa kuku umeanza kumwingia masikioni. Ukijua dawa isiyo sumu, niambie. Usipojua, nyamaza.

Dada yako,
Mwamvita binti Mabruki


Kijiji cha Ujamaa, nyuma ya Usoke
21 Septemba 1975

Dada Mwamvita, shikamoo.

Barua yako imenifikia juzi kwa mkono wa Lukumani dereva, nimeisoma nikatafuta mahali pa kujificha. Hongera kwa kisomo. Mwalimu aliyekufundisha kuandika matusi vizuri namna hii anastahili cheti.

Huku tuko salama. Watu wanazidi kuletwa na malori, wanashushwa na vyungu vyao, wanaonyeshwa kiwanja, basi. Kila alfajiri naamkiwa "mwangaluka" na watu ambao hata nyumba hawana. Sisi waashi tumegawanywa: wenzangu wanajenga shule, mimi nimepewa mabani ya kukaushia tumbaku. Nimemaliza mawili, la tatu nimeanza msingi. Tumbaku iko mpaka kwenye nywele zangu. Msalimie Baba, mwambie ile dawa ya miguu bado naitafuta.

Kopo la rangi ni kosa langu, nimekiri, usinipige. Utitiri usikupe taabu hata kidogo, dawa yake ninayo na haina sumu yoyote. Nimemwandikia Tatu kipande chake hapo chini, nimekikunja. Kikate umpe akisome mwenyewe. Ni mtoto anayependa kupata barua yake kama mtu mzima. Ni mambo yangu na yake, usichungulie!

Idd njema mapema.

Mdogo wako,
Yahaya


Mtendeni, Tabora
12 Oktoba 1975

Yahaya,

Asalaam aleikum. Idd ilikuwa Jumatatu. Baba alikwenda msikitini kwa kushikwa mikono. Tumekula pilau isiyo na nyama ya maana. Tatu alivaa gauni jipya.

Kanzu amekufa.

Sijui niandike vipi. Alizaa Jumatano mchana, watoto watano, wekundu, wadogo kama vidole. Alhamisi baada ya adhuhuri Tatu ametoka shule, kaenda uani, nasikia ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nakwenda, namkuta Kanzu mate yanamtoka, anatetemeka mwili mzima, amelala ubavu anapiga miguu. Nilimpa maziwa. Nilimpa maji ya mkaa. Hakumeza. Kabla ya alasiri alikuwa amekauka. Wale watoto wameondoka mmoja mmoja mpaka Ijumaa, maana hawakuwa na wa kuwanyonyesha. Kahawa amepona kwa kuwa nilikuwa nimemtenga kwenye kasha lake ili asimsumbue mzazi.

Ile ni sumu, Yahaya. Hakuna ugonjwa unaoua vile kwa saa mbili. Na sumu ndani ya nyumba yangu haimo! Unajua nilichofanya? Nimevuka uchochoro mpaka mlangoni kwa Imakulata, nikamwambia mbele ya watu waliopanga foleni bombani kwamba ile DDT yake ameipuliza upande wangu, kwamba roho yake ni mbaya, kwamba hata rozari yake haimsaidii. Akaapa kwa Mungu wake kuwa kopo hajalifungua tangu nimrudishie. Sikumsikiliza. Nilikuwa nataka mtu wa kumrarua.

 Tatu amemzika Kanzu mwenyewe nyuma ya jiko, hakutaka nimsaidie.

Mwamvita


Kijiji cha Ujamaa, nyuma ya Usoke
2 Novemba 1975

Dada, shikamoo.

Natumaini Baba anaendelea vizuri. Huku mvua imeanza na bani moja limeanguka ukuta. Lori la Lukumani lilikwama mtoni siku tisa, ndiyo maana barua yako nimeipata jana tu.

Sina raha. Sikulala. Dada, ulijisifu kwa karatasi mbili nzima kwamba umeondoa sumu zote! Nilikuwa na kopo moja tu la rangi, ukanivua nguo kama mwizi wa sokoni. Haya, mimi nilikuwa mbali. Wewe ulikuwa hapo hapo, hatua kumi kutoka banda lile. Ulikuwa unafanya nini? Maandazi yako ya sokoni? Chokaa ya Idd nani amepaka? Usiniambie habari za Imakulata. Mama yule amekaa nasi miaka kumi na miwili hajatuibia hata kuni.

Mke wangu alipokuwa anakata roho aliniambia maneno mawili tu, mtoto na wale sungura. Maneno mawili, Dada! Hata hilo halikuwezekana.

Nasema wazi, na nasema kwa yeyote anayehusika: aliyemuua Kanzu simsamehe. Simsamehe leo, simsamehe kesho, na sitaki kumwona mbele ya macho yangu. Mtu anayemwekea sumu mnyama wa yatima hana moyo.

Shule ikifungwa nakuja kumchukua Tatu. Hapa shule ipo, imeezekwa nusu, lakini walimu wapo. Heri mtoto akae kwenye vumbi na baba yake kuliko nyumba ambayo hakuna anayeangalia.

Nataka jibu moja tu. Ilikuwa sumu gani?

Yahaya


Mtendeni, Tabora
19 Novemba 1975

Yahaya,

Baba mzima. Kahawa mzima. Mimi mzima.

Barua yako tumeipata. Kuanzia leo mwambie Lukumani barua zako azitie mkononi mwangu mimi. Nikiwa sokoni anifuate sokoni. Asimpe mtu yeyote mlangoni.

Umeuliza sumu gani. Najua sumu gani. Nimeijua siku ile ile barua yako ilipofika. Sikuambii.

Imakulata nimekwenda kumwomba radhi pale pale bombani, mbele ya wale wale waliosikia nikimtukana. Amenisamehe, amenipa na kikombe cha chai. Hilo unaweza kujua.

Mtoto anakula kidogo. Kahawa hataki kumshika. Anapita mbali na kasha lake, mikono nyuma. Majani namkatia mimi, maji nampa mimi. Nikimwambia nenda kampe mwenzako mchicha, anatikisa kichwa. Kwa nini, usiniulize.

Tatu haondoki hapa.

Mwamvita


Kijiji cha Ujamaa, nyuma ya Usoke
7 Desemba 1975

Dada,

Shikamoo naitoa kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu, si kwa kuwa moyo unataka.

Kwa hiyo ni wewe. Ungekuwa si wewe, ungesema. Mtu anayejua sumu ni ipi na akakataa kuitaja, ni kwa sababu imetoka mkononi mwake. Na mtoto mikono nyuma, anaogopa hata kumgusa mnyama, anaogopa nini kama si wewe? Umemkemea nini? Umemtisha nini?

Nimewaeleza wenzangu hapa kazini, wote wamenishangaa kwamba bado nakuandikia. Nimeomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, amenipa siku nne. Nafika Jumamosi tarehe 20 kwa lori la Lukumani. Nguo za Tatu ziwe zimefungwa. Kahawa naye tutamchukua kwenye kapu, sitamwacha hapo asubiri zamu yake.

Mambo ya kusema "sikuambii" kawaambie watoto wenzako. Mimi ni baba wa mtoto yule.

Yahaya bin Mabruki


Mtendeni, Tabora
11 Desemba 1975

Yahaya,

Salamu zako kutoka kwa Baba, ambaye hajui tunayoandikiana na hatajua.

Kaa chini. Kama umesimama juu ya ukuta, shuka.

Humo ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo imekunjwa mara nne. Usiifungue kwanza. Nisome mimi.

Barua yako ya tarehe 2 Novemba Lukumani aliileta mimi niko sokoni, akampa Tatu. Unajua mtoto yule alikuwa ananisomea barua zako miaka yote kabla sijaingia kisomo. Akafungua kama alivyozoea. Nilimkuta amekaa kizingitini na karatasi mapajani. Akanisomea mstari mmoja tu, kwa kichwa, bila kutazama karatasi: "Aliyemuua Kanzu simsamehe, na sitaki kumwona mbele ya macho yangu."

Halafu akaingia ndani, akarudi na daftari lake la hesabu, akatoa kipande kile ulichoniambia nikikate nisichungulie. Sikuchungulia, Yahaya. Kwa ujinga wangu nilikutii.

Fungua sasa. Soma mwandiko wako. Au nikusomee mimi, maana nimekikariri: "Tatu mama, Kanzu akikaribia kuzaa mfanyie kama shangazi anavyowafanyia kuku wakianza kuatamia. Chukua ile tumbaku kwenye kidebe cha jikoni, mtandikie kiota kizima, chini na pembeni. Utitiri wote utakimbia. Usimwambie shangazi, atakuta banda safi ashangae."

Umesoma? Soma tena.

Kuku hali tumbaku, mtu mzima wewe! Kuku anailalia tu. Mwanao aliitandika kabla ya uzazi, akaifunika na nyasi nisiione, na sungura anatafuna kila anacholalia. Kanzu alikuwa anatafuna mpaka ncha ya kanga yangu kwenye kamba! Unashinda kwenye mabani, tumbaku iko mpaka kwenye nywele, umeona watu wanaofunga majani mabichi wakitapika, halafu unamwandikia mtoto wa miaka kumi amtandikie mzazi kitanda cha tumbaku? Na kwa siri! Hiyo siri ndiyo inayonitoa moshi kichwani. Ungesema wazi ningekuzuia.

Ningekuzuia kweli?  Nilipita nyumba nzima nikatoa kila chupa na kila kopo, kidebe cha tumbaku nikakiacha jikoni, nikakuandikia kwamba nimekiacha. Bibi yetu aliweka tumbaku kwenye viota, mama yetu aliweka, mimi naweka. Nani katika mji huu anaiita tumbaku ya kuku sumu? Langu hilo nimelibeba, na Imakulata nimemtukana bure.

Lakini sikukuandikia wewe kwamba sikusamehe.

Sasa nikueleze kwa nini sikukujibu. Baada ya kunionyesha kipande kile, mwanao alinishika kanga akaniambia hivi: "Shangazi, usimwambie baba. Akijua ni maneno yake atalia. Acha afikiri ni mimi tu. Au afikiri ni wewe." Nikamwambia haya, afikiri ni mimi. Akaniapisha. Nikaapa.

Mtoto, Yahaya! Mtoto ndiye aliyekuwa anakulinda wewe. Wiki tano amekubebea maneno yako kifuani, anapita mbali na Kahawa mikono nyuma asije akamuua na huyu, na wewe huko unawaelezea wenzako kazini habari za dada yako asiye na moyo. Matusi yote uliyonitupia mimi nimeyala, sikutema hata moja. Umeniita muuaji, nimekaa kimya. Umesema nimemtisha mtoto, nimekaa kimya. Lakini uliposema nguo zifungwe, nikaona hapana. Utamchukua umpeleke huko, umkalishe mezani, kila jioni umsimulie jinsi shangazi yake alivyomuua Kanzu, na yeye akutazame anyamaze maisha yake yote? Haiwezekani. Heri niwe mwongo kwa kiapo.

Leo asubuhi nimemwambia Tatu kwamba navunja ahadi. Alilia sana. Halafu akauliza, "Sasa baba atanichukia?"

Hilo swali silijibu mimi. Njoo tarehe 20. Nguo hazijafungwa wala hazitafungwa. Lori likisimama mlangoni, kabla hujasema habari za safari wala za njaa, utamjibu mtoto yule. Usipoweza, pitiliza na lori mpaka Nzega, usishuke.

Kidebe cha tumbaku nimekichoma moto pamoja na kidebe chenyewe.

Mwamvita


Kijiji cha Ujamaa, nyuma ya Usoke
16 Desemba 1975

Dada yangu, shikamoo. Shikamoo tena.

Sina habari za huku. Lukumani amenipa barua yako nikiwa kazini, nikaisoma nimekaa juu ya matofali, wakanipigia kelele ukuta unakauka vibaya, sikuwasikia. Kipande kile nimekifungua. Ni mwandiko wangu.

Kwako wewe nitasema tukionana, nikiwa nimepiga magoti, na utanisema unavyotaka mpaka uchoke. Wenzangu niliowaeleza habari zako nimewarudia leo mmoja mmoja nikawaambia ukweli. Imakulata nitampitia mlangoni kwake kabla ya kuingia kwetu. Kumchukua Tatu, basi. Sina uso wa kumchukua mtoto kutoka kwenye mikono iliyomtunza.

Naona nisingoje Jumamosi kumjibu Tatu. Anayeuliza swali kama lile hangoji lori. Lukumani anatangulia leo na barua hii, kwa hiyo kipande cha chini ni cha Tatu. Safari hii sikukikunja. Kisome wewe kwanza, na neno lolote lisilofaa lifute.

Mdogo wako mjinga,
Yahaya


Tatu mwanangu,

Sikuchukii. Sikuchukii hata kidogo, na barua ile ya hasira niliiandika sijui namsema nani. Nilikuwa najisema mwenyewe.

Tumbaku niliagiza mimi. Wewe ulifanya alichokuambia baba yako, kwa mikono safi. Mama yako angekuwepo angenikemea mimi, wewe angekupakata.

Nimelia, kama ulivyosema. Sijafa.

Kahawa hana mke, hana watoto, na sasa hana hata wewe. Mchicha anaula. Mpe kwa mkono wako, mkono wa kulia, ule ule. Nikifika Jumamosi nitaunusa, nataka nikute unanuka sungura.

Kipande hiki usikiweke kwenye daftari. Kisome kwa sauti, shangazi akiwepo.

Baba